Chujio, kidonge au taa: kulinganisha vifaa vyepesi vya kusafishia maji kwa mpanda milima anayetokea Dar es Salaam

Mtu anayepanda treni ya mwendokasi Dar es Salaam Ijumaa jioni, akashuka Morogoro na kesho yake akaanza kuupanda Uluguru kwa siku mbili au tatu, ana njia mbili za kupata maji ya kunywa: kuyabeba yote mgongoni tangu mjini, au kuyachota njiani na kuyasafisha. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na mtu mzima anayepanda mlima juani hunywa lita tatu au zaidi kwa siku, kwa hiyo njia ya kwanza humwelemea mapema mno. Njia ya pili inahitaji kifaa, na vifaa vyepesi vya kazi hiyo vimekuwa vingi kiasi kwamba ugumu sasa uko katika kuchagua.

Ugumu huo unaongezwa na jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Tathmini nyingi za vifaa hivi zimeandikwa kwa ajili ya watembeaji wa Marekani Kaskazini, ambao huchota maji katika nyika zisizo na makazi, na kwa sababu hiyo huwahesabu bakteria na vimelea kama giadia kuwa ndio hatari kuu, huku virusi vikiachwa kando. Virusi vinavyomdhuru mtu kupitia maji, kwa mfano vya homa ya ini aina ya A, vya rota na vya noro, hutoka hasa katika kinyesi cha binadamu. Katika milima yetu, juu ya kijito unachochota mara nyingi kuna shamba la migomba, nyumba mbili tatu na choo cha shimo. Kwa maoni yangu, mnunuzi wa Dar es Salaam asianze kulinganisha gramu kabla hajajua ni nani anaishi juu ya maji atakayokunywa.

Vipimo ndivyo vinavyoamua nini kinazuiliwa na nini kinapita. Giadia ina urefu wa mikroni 8 hadi 14 hivi (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na kriptosporidia, kimelea kingine cha tumbo, ina mikroni 4 hadi 6. Bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo ni wadogo zaidi, lakini bado hawapenyi tundu la mikroni 0.2. Virusi ni jambo lingine kabisa: kile cha rota kina kipenyo cha mikroni 0.07 hivi, na cha homa ya ini aina ya A hakifiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo chujio la mikroni 0.1, ambalo kwenye kasha limeandikwa kwamba huondoa asilimia 99.9999 ya bakteria, husema kweli kuhusu bakteria na wakati huohuo huviacha virusi vipite. Anayenunua kwa kuitazama asilimia hiyo peke yake hajui alichonunua.

Kichocho nacho huulizwa sana. Lava wake, yaani mnyoo mchanga anayeleta ugonjwa huo, ni mkubwa kiasi kwamba hakuna chujio kati ya haya litakalompitisha, lakini yeye hupenya kwenye ngozi, hivyo hatari iko kwa yule anayeingiza miguu katika maji ya joto yaliyotulia, kama ya ziwa, lambo au mfereji wa umwagiliaji, ili ajaze chupa yake. Hapo kata ya kuchotea yenye mpini mrefu ina thamani kuliko chujio la bei mbaya.

Machujio ya kukamua

Kundi linalotawala soko la vifaa vyepesi ni la machujio ya nyuzi zenye uwazi ndani. Maji machafu hujazwa katika mfuko laini, chujio hufungwa mdomoni, kisha mfuko hukamuliwa kwa mkono na maji safi yakatokea upande wa pili. Matatu yanatajwa zaidi: Sawyer Squeeze, lenye uzito wa gramu 85 hivi, Katadyn BeFree, ambalo pamoja na mfuko wake mdogo lina gramu 60 hivi, na Platypus QuickDraw, lililo karibu na uzito huohuo. Tofauti ya gramu ishirini kati yao ni ndogo kuliko uzito wa leso iliyolowa, na haifai kumsumbua mtu.

Tofauti zenye maana ni mbili, nazo ni namna ya kusafisha na aina ya mdomo. BeFree hupitisha maji kwa kasi kubwa likiwa jipya, mpaka lita mbili kwa dakika kwa mujibu wa watengenezaji, na husafishwa kwa kutikiswa tu ndani ya maji. Urahisi huo unapendeza kwenye vijito vyeupe vya kiangazi. Lakini kuanzia Machi hadi Mei, masika yanaposhusha udongo mwekundu kutoka mashambani, nyuzi zake hujaa tope laini ambalo kutikisa peke yake hakuliondoi, na kasi hushuka upesi. Squeeze lina kasi ndogo zaidi, ila husafishwa kwa kusukuma maji safi kinyume kwa bomba la sindano linalokuja nalo, na bomba hilo likipotea, lingine kubwa la duka la dawa linaweza kushika nafasi yake likikaa vizuri kwenye mdomo wa chujio. QuickDraw liko katikati: hutikiswa, na pia laweza kusafishwa kwa kurudisha maji kinyume.

Kuhusu mdomo, BeFree lina mdomo mpana wa milimita 42 unaokubali mifuko ya aina yake tu. Mfuko ukipasuka Mtae, Lushoto, mwenye BeFree hana la kufanya. Squeeze na QuickDraw hutumia uzi wa skrubu wa milimita 28, ambao hufunga katika chupa nyingi za plastiki za vinywaji. Nasema nyingi kwa makusudi, kwa kuwa baadhi ya chupa za maji za siku hizi zina shingo fupi na chujio halikai sawasawa, hivyo jambo la busara ni kwenda nalo dukani, kujaribu chupa mbili tatu tupu, na kukumbuka iliyokubali. Chupa ngumu ina faida nyingine: haipasuki kirahisi. Mifuko ya kukamua huchanika kwenye mshono wa shingo, hasa mtu anapoikamua kwa nguvu zote kwa sababu chujio limeziba na hataki kusimama kulisafisha.

Kuna kero ndogo ambayo picha za matangazo haziionyeshi. Mfuko laini haujazwi katika kijito chenye kina cha vidole vitatu, kwa kuwa pande zake hugandamana na maji hayaingii. Dawa yake ni kukata kitako cha chupa ya nusu lita na kukitumia kama kata. Kina gramu chache, na kinakuwezesha kuchota juujuu bila kutibua mchanga wa chini.

Sawyer Mini na mrija wa LifeStraw nitavipitia haraka. Mini ni jepesi kuliko Squeeze kwa gramu thelathini hivi, lakini maji hutoka kwa unyonge unaochosha, na siyo akiba ninayoweza kuipendekeza. Mrija wa LifeStraw humtaka mtu anywe palepale kwenye maji, mara nyingi akiwa amelala kifudifudi, na haumpi maji ya kuondoka nayo. Unafaa kuwa akiba ya dharura, na huo ndio mwisho wa kazi yake milimani.

Vinavyozuia virusi pia

Wanaotaka kifaa kimoja kifanye yote huelekezwa kwa Grayl GeoPress. Ni chupa ndani ya chupa: unachota kwa ya nje, unaingiza ya ndani yenye katriji, kisha unaisukuma chini kwa uzito wa mwili, na kwa katriji mpya kazi hiyo humalizika kwa sekunde nane hivi kwa mililita 710. Huondoa virusi, bakteria na vimelea, na kaboni iliyomo hupunguza harufu, ladha mbaya na sehemu ya kemikali, jambo ambalo nyuzi tupu haziwezi. Bei ya sifa hizo ni uzito wa gramu 450, na katriji ambayo hutosha lita 250 tu. Kwa mtu mmoja anayekunywa lita tatu kwa siku hizo ni siku themanini za mlima, si haba, ila katriji mpya huenda ukalazimika kuiagiza nje. Ndugu yake mdogo, UltraPress, ana gramu 350 hivi na hubeba nusu lita tu, kwa hiyo mwenye kiu hushinda akisukuma.

Pampu ya MSR Guardian iko katika daraja lake. Matundu yake ya mikroni 0.02 huzuia virusi, hujisafisha yenyewe kila inapopampiwa, na huvumilia tope na barafu. Ina karibu nusu kilo, na bei yake ni mara kadhaa ya bei ya chujio la kukamua. Kwa kikundi kinachokaa wiki nyingi porini ni kifaa kizuri. Kwa mtu wa safari za mwisho wa juma ni anasa.

Taa ya mionzi ya urujuanimno, ambayo inajulikana zaidi kwa jina la SteriPEN, huharibu chembe za urithi za vijidudu ili visizaliane, na husafisha lita moja kwa sekunde 90. Virusi haviiponyoki kirahisi na maji hayabadiliki ladha. Udhaifu wake uko mahali pale ambapo safari zetu zina shida: mwanga haupenyi maji ya tope, vijidudu hujificha nyuma ya chembe za udongo, na tope lenyewe linabaki palepale. Betri pia huchoka haraka kwenye baridi. Ni kifaa cha maji meupe na cha mtu mwenye subira ya kuchaji vitu, nacho kina gramu 100 hadi 140 za kufanya kazi ambayo kidonge cha gramu chache hufanya kwa nusu saa.

Kidonge cha duka la dawa

Hapa ndipo mkazi wa Dar es Salaam ana faida juu ya wanaoandika tathmini zile za ng'ambo. Vidonge vya klorini, kama WaterGuard na Aquatabs, ni bidhaa za kawaida katika maduka ya dawa, na watu wazima wengi wamevizoea tangu misimu ya kipindupindu. Klorini huua bakteria na virusi kwa takriban nusu saa katika maji masafi yasiyo ya baridi kali. Haiiwezi kriptosporidia kwa vipimo vya kunywa, na nguvu yake huliwa na tope na majani yaliyooza.

Mpangilio huo una manufaa makubwa kwa mwenye macho. Kile ambacho klorini hushindwa nacho, yaani kriptosporidia na tope, ndicho ambacho chujio la kukamua hukiondoa bila taabu, na kile ambacho chujio hushindwa nacho, yaani virusi, ndicho ambacho klorini hukimaliza mapema. Ukikamua maji kwanza kisha ukayatia klorini, unapata kinga inayokaribiana na ya chupa ya gramu 450 kwa vitu visivyozidi gramu 100. Utaratibu lazima uwe huo, chujio kwanza na dawa baadaye, ili dawa isipotee kupambana na udongo.

Tatizo ni kipimo. Kidonge kinachouzwa sana cha miligramu 67 kimekusudiwa ndoo ya lita 20, na mtu mwenye chupa ya lita moja na nusu hawezi kukigawa kwa kisu akapata vipande sawa. Usijaribu kukisia. Vipo vidonge vidogo vilivyotengenezwa kwa lita moja au mbili, na inafaa kuuliza maduka kadhaa au kuagiza. Vidonge vya daioksidi ya klorini, ambavyo huandikwa kipimo cha lita moja, huua hata kriptosporidia, ila kwa kungoja saa nne. Watu sita wanaopiga kambi pamoja, kwa upande mwingine, hawana tatizo hilo: wanachuja ndoo nzima jioni, wanatia kidonge kimoja kikubwa, na asubuhi kila mmoja anajaza chupa zake.

Maji ya tope jekundu yanataka kutulizwa kabla ya yote. Yaache kwenye chombo yatuame, mimina ya juu polepole, kisha yapitishe katika kanga kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa. Watu wa mjini huidharau kanga katika kazi hii, lakini utafiti wa Rita Colwell na wenzake huko Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba vijiji vilivyochuja maji kwa sari kuukuu zilizokunjwa vilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Kanga haitoshi peke yake, ila itarefusha maisha ya chujio kuliko kifaa chochote cha ziada utakachouziwa. Mbegu za mlonge zilizosagwa hutuliza tope pia, ingawa sidhani kuna haja ya kubeba kinu mlimani.

Kuchemsha hakujapitwa na wakati. Maji yaliyotokota kwa dakika moja, au dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000, hayana kijidudu hai cha kukuhofisha. Gharama ni gesi, gramu kumi hadi kumi na tano kwa lita katika hali ya kawaida, pamoja na muda wa kusubiri yapoe. Kuchemsha maji yote ya siku tatu ni kujitwika mtungi mwingine. Lakini maji ya chai na ya kupikia wali yatachemka kwa vyovyote, na hakuna sababu ya kuyachuja kwanza isipokuwa kama yana tope.

Kwa kikundi, chujio la mserereko linafaa kuliko la kukamua. Mfuko wa maji machafu huning'inizwa kwenye tawi, maji yakashuka kwa uzito wake kupitia chujio hadi mfuko wa chini, na hakuna mkono unaochoka. Platypus GravityWorks ya lita nne ina gramu 320 hivi, ambazo zikigawanywa kwa watu wanne ni nyepesi kuliko Squeeze moja moja kwa kila mtu. Virusi hupita humo vilevile, hivyo kidonge kibaki.

Mlima na mlima

Kwa Uluguru chini ya mpaka wa msitu wa hifadhi, na kwa njia ya Lushoto hadi Mtae katika Usambara, ningebeba Squeeze au QuickDraw pamoja na vidonge, pasipo kujadili. Makazi yako kila upande na mboga hulimwa mpaka ukingoni mwa vijito. Maji ya Uluguru ndiyo yanayoshuka kuwa mto Ruvu, ambao DAWASA huutegemea kulihudumia jiji, kwa hiyo mtu wa Dar anayanywa kila siku yakiwa yametibiwa. Kuyanywa yakiwa mabichi ni habari nyingine. Kwenye mashamba ya kabichi na nyanya kuna pia viuatilifu, ambavyo si chujio la nyuzi wala kidonge huviondoa. Kaboni hupunguza baadhi yake, na hiyo ndiyo hoja pekee inayonifanya niitazame Grayl kwa heshima katika safari za huko. Njia rahisi zaidi ni kuchota juu ya mashamba, au kumuuliza mwenyeji bomba la mserereko la kijiji linachukua maji wapi.

Katika Udzungwa, maji yanayotoka ndani ya msitu wa hifadhi yana binadamu wachache juu yake, ila yana nyani wengi, na giadia haichagui mwenyeji. Chujio lolote la kukamua linafanya kazi nzuri huko, na vidonge vibaki kwenye shanta kama akiba.

Kilimanjaro ina desturi zake. Huruhusiwi kupanda bila kiongozi mwenye leseni, na kwa kawaida kikosi cha wapagazi ndicho kinachochota na kutayarisha maji. Muulize kiongozi wazi kama maji ya chupa zako yamechemshwa au yametiwa dawa, wala usione haya. Ukibeba chujio lako, tambua kwamba nyuzi zilizolowa zikiganda hupasuka kwa ndani, na hutaona dalili yoyote kwa nje. Kwenye kambi ya Barafu, iliyo juu ya mita 4,600, chujio lazima lilale nawe ndani ya begi la kulalia, likiwa limefungwa kwenye mfuko usiovuja. Njia ya kulipima ni kulilowesha kisha kupuliza hewa kwa mdomo kupitia upande wa maji safi: nyuzi nzima zilizolowa hazipitishi hewa, na ikipita kwa urahisi, chujio limekufa. Baridi hupunguza pia kasi ya klorini, kwa hiyo ongeza muda wa kungoja.

Upande wa Meru kuna floridi. Mito kama Ngarenanyuki ina floridi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na hakuna kifaa nilichokitaja ambacho kimekusudiwa kuiondoa. Kuchemsha huizidisha, kwa kuwa maji hupungua nayo inabaki. Madhara yake kwa meno na mifupa huja kwa kunywa miaka mingi, kwa hiyo siku nne za mlimani si sababu ya kuogopa. Chumvi ya maji ya pwani na zebaki ya mito ya wachimbaji dhahabu ziko katika fungu hilohilo la vitu visivyochujika, na zebaki ni sababu ya kutochota kabisa.

Kurudi nyumbani

Joto na unyevu wa Dar es Salaam huharibu machujio mengi yaliyosalimika mlimani. Chujio lililorudishwa kabatini likiwa bichi huota ukungu kabla ya safari inayofuata. Lisafishe kwa kurudisha maji kinyume, lipitishe maji yenye jiki kidogo isiyo na manukato kwa kipimo kilichoandikwa kwenye maelekezo ya chujio, kisha liache likauke kivulini kwa siku kadhaa. Kazi hiyo isifanywe kwa maji ya kisima, ambayo katika mitaa mingi ya jiji yana chumvi na chokaa zinazoganda ndani ya nyuzi zinapokauka. Tumia maji ya chupa. Ikiwa limeshakuwa gumu, kulilowesha katika siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji ya moto ya kiasi huweza kuyeyusha chokaa.

Jambo la mwisho la kukagua ni kipete cha mpira kilicho ndani ya mdomo wa Squeeze na machujio yanayofanana nalo. Hudondoka kirahisi unapofungua mfuko, na kikikosekana, maji machafu huvuja kwenye uzi, yakateremka nje ya chujio na kudondokea kwenye chupa ya maji safi. Nunua vya akiba viwili, na kimoja ukifunge kwa uzi kwenye zipu ya shanta.